Tom kwenye The Cat Concerto: vidole vinafuata noti kweli?

bundi_wa_tanga: Wakuu, naomba msaada wa wanaojua muziki. Jana usiku niliangalia The Cat Concerto, ile katuni ya Tom na Jerry ambapo paka Tom anapiga piano, bila sauti, maana mtoto alikuwa amelala. Muziki wenyewe nimeuhifadhi, ile Hungarian Rhapsody namba 2 ya Liszt, na naona mikono ya Tom inapita palepale ninapoisikia kichwani. Wachoraji walifuata noti au ni macho yangu?

kinanda_cha_kwaya: Walifuata, mkuu. Katuni za aina hii muziki hurekodiwa kwanza, kisha wachoraji wanahesabu picha juu yake, 24 kwa sekunde moja. Mimi napiga kinanda kwaya ya kanisani, na zile noti nzito za mwanzo, jinsi Tom anavyozishukia kwa uzito wa mkono mzima, nazipenda kuliko vichekesho vyote. Mvivu angeficha vidole nyuma ya piano, kazi ikaisha. Halafu sikiliza Jerry anapocheza juu ya nyundo ndani ya piano: Liszt anageuka wimbo wa treni uliovuma Marekani miaka ya 1940, kisha anarudi, na huoni mshono. Hiyo ni akili ya Scott Bradley, mtunzi wa muziki wa katuni za MGM, studio iliyotengeneza Tom na Jerry. Fundi haswa!

sinema_za_kale: Msisahau ugomvi wake. Mwaka 1946 Warner Bros. nao walitoa Rhapsody Rabbit ya Friz Freleng: sungura Bugs Bunny kwenye piano, rapsodi ileile, na panya wa kumsumbua. Kila studio ikadai imeibiwa. Oscar ya katuni fupi ikaenda kwa Tom na Jerry.

bundi_wa_tanga: Kumbe! Na yale mayowe ya Tom kwenye katuni nyingine ni ya nani? Humu hasemi hata neno.

kinanda_cha_kwaya: Ya William Hanna, mwongozaji mwenyewe. Alijirekodi akipiga ukelele, akakata mwanzo na mwisho, ikabaki ile katikati yenye nguvu. Yeye na Joseph Barbera ndio walioongoza katuni zote 7 za Tom na Jerry zilizopata Oscar, lakini sanamu zilikabidhiwa prodyuza, Fred Quimby. Hilo linaniuma mpaka leo.