Tupeane uzoefu: malaria inayorudi baada ya dawa kwisha

Mzee wa Kilindini: Mabaharia wakishuka meli kutoka upande wa India, homa huwashika miezi baadaye. Wanywa dawa mseto, yaisha, kisha yarudi vilevile. Mtaani wasema ni sugu. Wenye kujua, hebu tupeane.

Maabara Tudor: Shikamoo mzee. Kwanza ulizeni ni kimelea gani. Falciparum, ndiyo nyingi hapa Pwani, hailali ini. Hukaa huko kama wiki, ikitoka imetoka. Ikirudi, ama dozi haikumaliza vimelea vya damuni, ama mbu amekuuma upya. Zinazolala ni vivax na ovale. Vimelea vikishaingia ini, vingine huzaana papo hapo na vingine hujibanza kimojakimoja ndani ya seli, bila homa. Hata darubini haivioni, maana damuni havimo. Vivax ya nchi za joto huweza kuamka kila baada ya wiki chache. Ya nchi za baridi kama Korea hungoja hata miezi 6 hadi 12.

Halafu kuna vipimo. Kile cha haraka chenye mstari wa HRP2, protini ya falciparum, peke yake hushika falciparum tu, mwenye vivax aambiwa hana kitu. Na aliyepona falciparum huweza kubaki na mstari huo wiki kadhaa, akadhani imemrudia. Dai slaidi, damu kwenye kioo cha darubini: tone nene la kutafutia, jembamba la kutambulia. Chembe nyekundu iliyovimba na kujaa vidoadoa, vivax hiyo. Iliyorefuka kama yai, ukingo umechanikachanika, ovale.

Binti Kongowea: Hapo kwa HRP2 kweli tupu. Kikitoka bila mstari, wapewa ya taifodi.

Duka la Dawa Likoni: Dozi nayo. AL, ile dawa mseto ya artemetha na lumefantrini, ya mtu mzima ni vidonge 24: vinne sasa, vinne baada ya saa 8, kisha vinne asubuhi na vinne jioni siku mbili zinazofuata. Ale na kitu cha mafuta, mahamri au maziwa. Kwa chai kavu dawa haiingii damuni vizuri. Akitapika ndani ya nusu saa, arudie. Ila hata akinywa sawasawa, AL haikigusi kimelea kilicholala ini. Hicho dawa yake ni primakwini, miligramu 0.25 kwa kila kilo, kila siku, siku 14; mtu mzima mara nyingi 15 kwa siku. Ile dozi moja ya primakwini ya falciparum ni ya kuzuia mbu asiibebe kwa mwingine. Ini haisafishi.

Shamba Mtwapa: Mwamnunulisha bure. Majani ya muarobaini, chemsha mpaka maji yawe kijani, kikombe kila asubuhi. Ini lasafika.

Maabara Tudor: Lasafika kwa kipimo gani?

Shamba Mtwapa: Wazee wetu walikunywa na vivax hawakuijua.

Maabara Tudor: Hawakuijua kwa sababu wengi wetu hatuna alama ya Duffy kwenye chembe nyekundu, na ndio mlango vivax inaoupenda. Usiupe mti sifa ya damu.

Nesi wa Zamu: Acheni mti, primakwini ndiyo ya kuogopa ikinywewa bila kupima G6PD. Hicho ni kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu, na wanaopungukiwa nacho Pwani hii ni wengi, wanaume zaidi. Mtu ameza siku mbili tatu, mgongo waanza kuuma, macho yawa manjano, mkojo watoka mweusi kama kahawa ya buli. Apanda ngazi apumua kwa shida. Chembe zapasuka, damu yashuka, figo zaweza kugoma. Hapo ni kuacha dawa saa ileile na kukimbizwa hospitali, maana huenda akahitaji damu.

Binti Kongowea: Subhanallah! Mweusi kabisa?

Mzee wa Kilindini: Basi asinywe.

Duka la Dawa Likoni: Anywe, lakini apimwe kwanza.

Shamba Mtwapa: Madafu.

Nesi wa Zamu: Madafu anywe kwa kiu tu. Akipatikana na upungufu, kuna njia ya primakwini miligramu 0.75 kwa kilo mara moja kwa wiki, wiki 8, chini ya macho ya daktari. Mjamzito hapewi, wala mtoto chini ya miezi 6. Tafenokwini, dawa nyingine ya vilivyolala ini, ni dozi moja ya miligramu 300, lakini haitoki mwilini upesi, kwa hiyo kipimo chake cha G6PD ni cha kiwango, si cha ndiyo au la.

Maabara Tudor: Na mabaharia wanaomeza doksisaiklini ya kujikinga safarini wajue: hiyo huua vimelea vikishatoka kwenda damuni, vilivyolala havina habari. Ndiyo maana homa huja ameshaiacha. Amwambie daktari bandari zote za mwaka mzima, si za wiki jana.

Mzee wa Kilindini: Hawakumbuki hao. Nitawaambia wabebe kitabu cha ubaharia, mihuri yote imo.