Mashine ya kuhesabu chachu inaonyesha seli mfu nyingi kuliko hadubini

Mchachushaji
Wakuu, naombeni msaada. Tunapika bia, na mashine yetu hupiga picha za seli za chachu zilizotiwa methilini buluu (rangi inayobaki kwenye seli mfu), kisha hutoa idadi na asilimia ya seli hai. Saa chache baada ya kutia chachu kwenye tangi, majibu yake yanalingana na ya hadubini. Ikifika saa ya 72, mashine inasema hai ni 78%, hadubini inasema 93%. Tena sampuli ileile ukiirudia, idadi inapishana hata kwa 30%. Nazimua mara 10 kwa maji safi. Nirekebishe wapi?

Kipimo_Sahihi
Hayo ni matatizo mawili, mkuu, na kila moja lina chanzo chake.

Asilimia kwanza. Mashine ya aina hiyo haitambui seli, inatambua duara lenye giza na lisilo na giza. Masimbi ya protini (mashapo ya bia) na mabaki ya hopsi (maua yanayoipa bia uchungu) hunywa rangi na kuhesabiwa kama seli mfu. Fungua picha zenyewe, usiishie kwenye jedwali, uangalie ni vitu gani vimewekewa alama ya "mfu". Chachu ya bia kwa kawaida ina kipenyo cha mikromita 5 hadi 10, kwa hiyo kikomo cha chini cha ukubwa kwenye mashine kikiwa mikromita 2 umeziruhusu takataka zote ziingie. Kipandishe hadi 4. Viputo vya kaboni dioksidi navyo vina ukingo mweusi: mimina sampuli chombo hadi chombo mpaka povu liishe ndipo uzimue.

Jambo la pili ni muda. Seli hai huibadilisha methilini buluu ikawa haina rangi, na seli iliyochoka hufanya hivyo polepole. Tumia rangi ya 0.01% ndani ya sodiamu sitreti ya 2%, soma kati ya dakika 1 na 5, usivuke 10. Ukipanga kwenye foleni sampuli nyingi zilizokwisha kutiwa rangi, za mwisho zitaonekana zimekufa zaidi bila sababu.

Seli_Moja_Moja
Kupishana kwa idadi nakuhusisha na vishada, yaani mafungu ya seli zilizoshikana. Seli zinazogandamana hushikana kwa msaada wa kalsiamu, na maji matupu hayatoshi kuiondoa. Zimua kwa EDTA (kemikali inayonasa kalsiamu) ya milimola 50 kwa lita, tikisa kwa nguvu sekunde 30, kisha tazama: kama vishada vimebaki, usiamini namba hiyo. Na pima mikrolita 100 ndani ya 900, si 10 ndani ya 90. Kosa dogo la pipeti kwenye mikrolita 10 ni kubwa mno. Chachu huzama haraka, hivyo changanya tena papo hapo kabla ya kuvuta.

Angalia pia jinsi programu ya mashine ilivyopangwa kuhesabu machipukizi, yaani seli changa zinazochipua kwenye seli mama. Kanuni ya kawaida ni kuhesabu chipukizi kama seli kamili likifikia nusu ya ukubwa wa mama. Programu inayohesabu kila chipukizi itakuzidishia idadi wakati chachu inazaliana, siyo mwishoni.

Kipimo_Sahihi
Nakubaliana na EDTA. Niongeze kuhusu kosa linalotokana na bahati tu katika kuhesabu: ukihesabu seli 100 tu, kosa la kawaida ni 10%, seli 400 hulishusha hadi 5%. Ongeza idadi ya picha.

Mchachushaji
Asanteni. Nitajuaje kwamba marekebisho yamefaulu, ikiwa hadubini nayo inategemea macho?

Seli_Moja_Moja
Tengeneza kipimo chako. Chukua chachu safi iliyosafishwa masimbi, igawe mara mbili, nusu moja ipashe moto nyuzi 80 kwa dakika 15, iache ipoe. Iliyopashwa peke yake isome karibu na 0%. Ukichanganya sawa kwa sawa na ambayo haikupashwa, iliyosoma 94%, utegemee takribani 47%. Kisha rudia ukitumia mchanganyiko uleule na kuongeza masimbi yaliyochujwa kutoka tangini. Asilimia ikishuka hapo, kikomo cha ukubwa bado hakitoshi, na ni afadhali kuhamia rangi zinazong'aa: propidiamu ayodidi huingia kwenye seli yenye utando uliotoboka tu, na ikiambatana na akridini oranji inayoangaza kila seli, masimbi huchanganywa na seli mara chache zaidi.