Mjapani akichemka MLB eti ligi yao mbovu, akiwika eti ni jini. Mnakera!

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Kila msimu wa MLB, ligi kuu ya besiboli Marekani, ukianza, mchezaji mpya kutoka Japani akiboronga mechi mbili tatu tu, wachambuzi wa mitandaoni wameshamchimbia kaburi: "Ligi ya Japani ni ya watoto." Jamaa hata nyumba ya kupanga hajapata!

Nianze na huyo mnayependa kumtaja, mrushaji Kei Igawa. Ndiyo, alifeli, tena vibaya. Yankees wa New York waliwalipa Hanshin Tigers, timu yake ya Japani, dola milioni 26 kwa haki ya kuzungumza naye tu, wakampa na mkataba wa milioni 20 kwa miaka 5. Akaambulia mechi 16 na ushindi 2. Hapo simtetei. Lakini Mike Greenwell, nyota wa Boston kule Marekani, alikwenda hiyohiyo Hanshin mwaka 1997, akacheza mechi 7, akaupiga mpira ukamvunja mguu wake mwenyewe, akastaafu. Nani alisema ligi ya Marekani ni dhaifu? Kimyaaa.

Sasa njooni kwa Hideki Matsui, maana hapa ndipo damu inaponichemka. Mwaka 2002 alipiga homurani (mpira kupigwa hadi nje ya uwanja) 50 akiwa Yomiuri Giants ya Japani. Mwaka uliofuata, Yankees, akapiga 16. Mkacheka. Kwamba msimu huohuo aliingiza mikimbio 106, yaani alama za timu, hamkuona. Ikaja tuzo ya mchezaji bora mgeni, yaani wa msimu wa kwanza MLB, wa ligi ya American (nusu moja ya MLB). Waandishi wawili wakakataa hata kuliandika jina lake kwenye kura zao, kisa amecheza Japani miaka mingi mno kuitwa mgeni, wakati kanuni zilimruhusu kabisa. Akakosa tuzo kwa pointi 84 dhidi ya 88 za Angel Berroa. Pointi nne!

Haya, 2003 ligi ya Japani ilikuwa kubwa kiasi cha kumnyima mtu tuzo. Ilipofika 2016, hiti (mapigo yanayomfikisha mpigaji kituoni, yaani kwenye besi) za Ichiro Suzuki za Japani na Marekani zikijumlishwa zikapita zile 4,256 za Mmarekani Pete Rose, mwenye rekodi ya MLB, na Rose mwenyewe akaja juu kwamba za Japani hazina hadhi. Ligi ni ileile! Inakuwa kubwa ikiwafaa, inakuwa ndogo ikiwauma. Na Ichiro hata hahitaji huruma ya mtu: hiti 3,089 alizipiga Marekani kwenyewe, alikoanza akiwa na miaka 27. Mwaka 2004 peke yake alipiga 262, akavunja rekodi iliyodumu tangu 1920.

Halafu kuna suala la warushaji ambalo wapiga kelele hawaligusi. Mpira wa Marekani ni mkubwa kidogo na unateleza kuliko ule wa Japani. Kule mrushaji anayeanza mechi hupanda kilimani (pale anaporushia) mara moja kwa wiki, Marekani anatakiwa arudi baada ya siku nne au tano. Msimu wenyewe ni mechi 162 badala ya 143, na safari za ndege za kuvuka nchi nzima. Mtu anabadilishiwa mpira, ratiba, chakula na lugha kwa mpigo, nyie mnataka aelee kuanzia wiki ya kwanza. Hideo Nomo aliweza 1995, straikaut (kumtoa mpigaji kwa mirusho) 236 na tuzo hiyohiyo ya wageni juu, lakini si kila mtu ni Nomo.

Mkiambiwa Shohei Ohtani, MVP (mchezaji bora) wa ligi mara nne, homurani 54 na besi 59 za kuiba mwaka 2024, mnajibu "huyo ni jini, msimhesabu." Sawa. Na mrushaji Yoshinobu Yamamoto, MVP wa World Series 2025, fainali ya MLB, naye jini? Huyo alitoka Japani na tuzo ya Sawamura, ya mrushaji bora, mara tatu mfululizo, yaani ligi yao ilikuwa imeshawaambia mapema ni nani. Majini mangapi yatoke nchi moja ndipo mkubali kwamba wanafundishwa vizuri?

Mwenye kubisha aje hapa na majina, na alete takwimu za misimu mitatu, siyo za Aprili, msimu ukianza tu. Wale wa "ligi ya watoto" bila hoja, mnipishe.