Modemu za 3174 kwenda kompyuta kuu: V.29 au V.32?

Mkusanyaji74: Wakuu, habari. Kuna kontrola ya IBM 3174 (inayounganisha terminali, yaani skrini na kibodi, na kompyuta kuu) inatakiwa iongee na kompyuta kuu iliyo jengo la mbali. Nimepata jozi mbili za modemu, V.29 na V.32 (viwango vya modemu), zote biti 9600 kwa sekunde, bei ileile. Nichukue ipi? Nalipia Ijumaa.

WayaNne: Hapo hujasema kitu. Laini ni waya mbili au nne? Itifaki gani ya laini, SDLC au ile ya zamani BSC? Kontrola moja, au kadhaa kwenye laini moja?

Mkusanyaji74: SDLC. Laini sijaangalia.

WayaNne: Kaangalie kwanza. V.29 inataka waya nne ili ipeleke na kupokea kwa pamoja. V.32 inatosheka na mbili, inajifutia mwangwi wake yenyewe.

Pini15: Mimi V.32 tu. Ila iset kwa terminali ya kawaida kabla hujaifunga: &Q2 (sinkronasi, yaani kutuma kwa mpigo wa saa), &L1 (laini ya kukodi), &X0 (saa itoke kwenye modemu), halafu &W (hifadhi). Ikishaingia sinkronasi haisikii tena amri.

Na kebo, jamani! Kuna laini ilisumbua wiki nzima: DCD (mawimbi yanafika) inawaka, CTS (ruhusa ya kutuma) inawaka, taa ya TD (data inayotumwa) haipepesi hata kidogo. Modemu zikabadilishwa, bado. Kumbe mtu alipachika adapta ya pini 9 katikati. Saa ya kutuma inapita pini 15, ya kupokea pini 17, na plagi ya pini 9 haina nafasi ya hata moja. Adapta ikatolewa, ikaja dalili nyingine: kontrola inapelekewa SNRM (amri ya kuanza mazungumzo, 93), UA (jibu la kukubali, 73) hairudi. Upande mmoja ulisetiwa NRZI, mwingine NRZ, namna mbili tofauti za kuandika biti kwenye waya. Biti zinafika, lakini zinasomwa vibaya, hakuna fremu halali inayopatikana.

Sinema32: BSC haikuwa na mambo hayo. SYN (herufi za kulinganisha mpigo) mbili, basi.

WayaNne: BSC ilikuwa ikingoja ACK (jibu la "nimepokea") kila bloku, usituletee.

RutaTu: Mnahangaika bure. Ruta mbili zenye bandari za siriali, DLSw (njia ya kubeba SDLC) juu ya mtandao wa TCP, ACK zinajibiwa hapohapo. Modemu za nini mwaka huu?

Pini15: Kauliza modemu, mkuu. Na hata kwenye ruta usipowasha NRZI utakwama palepale.

Mkusanyaji74: Nimefungua kisanduku, ni waya nne. Ila naambiwa zinaongezwa kontrola tatu laini hiyohiyo.

WayaNne: Ungeanza na hilo! V.32 haifai tena, hiyo ni ya modemu mbili tu, moja kila upande. V.29 nayo, kila kontrola ikiinua RTS (ombi la kutuma) ili ijibu, modemu inajifunza laini milisekunde 253. Jibu tupu la SDLC ni baiti 6, kwa 9600 ni milisekunde 5! V.27bis, modemu ya 4800, inajifunza kwa milisekunde 50. Kwa laini ya wengi, ya polepole ndiyo inawahi.

Pini15: Kama skrini ni kubwa na majibu marefu, 4800 itakuumiza. Terminali ngapi kwa kila kontrola?

RutaTu: Ruta.

Mkusanyaji74: Terminali naenda kuhesabu.