Nimezima mfumo kwa matengenezo lakini databesi bado inaingiwa, ni nani huyu?

fundi_usiku: Wakuu habari za usiku, niko katikati ya matengenezo na nimekwama. Natumia databesi ya PostgreSQL, nataka kubadili aina ya safu moja kwenye jedwali la oda, nimeweka ukurasa wa matengenezo, programu ya wavuti nimeizima kabisa, nikapiga ALTER TABLE (amri ya kubadili jedwali) ikaganda dakika kumi. Kucheki pg_stat_activity, orodha ya walioingia kwenye databesi, nakuta kuna sesheni imekaa "idle in transaction", yaani imeanza kazi haijaimaliza. Nikakatisha ALTER, nikaiua ile sesheni kwa pg_terminate_backend, kurudi kuandika ALTER upya nakuta ingine hiyo imeshaingia! Nikaweka CONNECTION LIMIT 0, yaani asiingie mtu, wapi, bado zinaingia. Na paswadi tunayo watu wawili tu. Tumeshadukuliwa au?

kata_waya: Chomoa mtandao sasa hivi, badili paswadi zote, maswali baadaye.

babu_seva: Asichomoe kitu bwana, atajifungia nje mwenyewe. Fundi tulia. Ukurasa wa matengenezo unazuia wenye kivinjari tu, kazi za nyuma, bakapu na vipimaji vya seva havijui hata kama umeuweka. Tuletee usename (jina la yuza), client_addr (anwani anakotoka), backend_start (muda alioingia) na query (amri aliyotuma) za hizo sesheni. Ila hiyo LIMIT 0 haimgusi superuser, yuza mwenye mamlaka yote kama postgres, kwa hiyo nishaanza kuhisi kitu.

fundi_usiku: Hizi hapa mkuu. usename zote postgres, client_addr tupu, backend_start 23:41:01, 23:42:01, 23:44:01. Query ya mwisho ni SELECT kwenye oda zenye hali 'inasubiri', mwishoni ina FOR UPDATE, yaani inazifunga kwa kufuli wengine wasizibadili.

babu_seva: Sasa angalia hizo sekunde. Mdukuzi gani anabisha hodi sekunde ya kwanza ya kila dakika kama kengele? Hiyo ni cron, ratiba ya seva inayoendesha kazi zenyewe kwa saa. Na client_addr tupu maana yake hajapita kwenye mtandao, ameingia kwa soketi ya ndani ya mashine hiyohiyo, na kwa soketi mara nyingi pg_hba.conf (faili la masharti ya kuingia) inakuwa imewekwa "peer" kwa yuza postgres, hapo inaaminiwa yuza wa mashine yenyewe, haulizwi paswadi. Fungua crontab -l -u postgres halafu pitia /etc/cron.d.

fundi_usiku: Aisee naona aibu. Ipo, na skripti nimeiandika mwenyewe kitambo. Inashika oda zinazosubiri kwa FOR UPDATE halafu inaiuliza programu ya wavuti kama malipo yameingia. Siku zote inamaliza chini ya sekunde ndo maana hakuna aliyewahi kuiona, sasa leo programu nimeizima, yenyewe inajaribu na kujaribu huku imekumbatia kufuli.

dada_index: 😂😂 pole kaka, yametukuta wengi. Weka # mwanzoni mwa huo mstari wa cron usiendeshwe, kisha fanya hivi: dirisha la kwanza ingia kwenye databesi yako na ubaki humo. Dirisha la pili ingia databesi nyingine, ile inayoitwa postgres, uandike ALTER DATABASE jina_lake ALLOW_CONNECTIONS false. Hiyo inamzuia hata superuser, ila walioko ndani haiwatoi, so waue wote isipokuwa pid (namba ya sesheni) yako ya dirisha la kwanza, halafu rudi la kwanza ufanye kazi. Usiandikie amri hiyo ndani ya databesi yenyewe, itakataa. Na anza na SET lock_timeout = '5s', ikikosa kufuli kwa sekunde tano ikate tamaa, maana ALTER ikisubiri kufuli, wanaokuja nyuma yake kusoma jedwali nao wanapanga foleni.

kata_waya: Basi mimi nilikuwa nishavaa viatu 😅

fundi_usiku: Imepita! Nimesharudisha ALLOW_CONNECTIONS true, programu imewaka. Cron bado ina #, kesho naitengenezea skripti yuza wake asiye superuser, na swali la malipo nalitoa nje ya transaksheni kwanza ndo niiwashe.

babu_seva: Sawa, ila usiku huu malipo atayathibitisha nani?

fundi_usiku: Duh. Narudi kwenye seva.