Mkono wa baba baada ya kiharusi: roboti ya India au fizio wa nyumbani?

Binti_Makorora
Assalaam aleikum wapendwa. Baba ana miaka 61, fundi cherehani hapa Tanga. Huu mwezi wa tatu tangu apatwe na kiharusi, upande wa kulia. Mguu umerudi, anakwenda na mkongojo mpaka msikitini. Kazi ipo kwenye mkono: bega linainuka kidogo, kiwiko kinakunja, vidole vimejifunga. Mjomba aliyeko Maskati anataka kulipia wiki 3 India, kwenye hospitali yenye roboti ya mazoezi ya mkono. Mama anasema hela hiyo hiyo tumlipe fizio, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo, aje nyumbani mara tatu kwa wiki, itatufikisha miezi. Ndugu wamegawanyika na mimi ndiye ninayeulizwa. Mliopitia, nisaidieni.

Baba_Zuhura
Waaleikum salaam dada, poleni sana. Niko Uingereza. Mama mkwe wangu aliitumia roboti kwenye kliniki ya kulipia. Unakaa mbele ya meza, mkono unafungwa kwa mikanda kwenye kishikio, mbele yako kuna skrini. Unatakiwa ukipeleke kishikio kwenye alama, ukiishiwa nguvu katikati mashine inakumalizia safari. Yeye mkono ulikuwa umekufa kabisa, na pale ndipo alipouona ukienda tena. Alilia, nasi tukalia. Mimi siwezi kuisema vibaya mashine ile. Ila kikombe cha chai alikuja kukishika nyumbani, baada ya miezi ya kukihangaikia.

Fizio_Mwanza
Dada, shikamoo ya mzee mfikishie. Hii ndiyo kazi yangu, naomba niandike kirefu.

Roboti hizi si za jana. Ile maarufu, MIT-Manus, ilianzia chuo cha MIT Marekani miaka ya 1990. Nguvu yake ni hesabu: kwa kikao kimoja mkono unarudia mwendo mara mamia bila mtu kuchoka. Sisi kwa mikono yetu, watafiti wa Marekani walipotuhesabia mwaka 2009, tulionekana kumfanyisha mgonjwa miendo ya vitendo kama 32 tu kwa kikao. Hiyo ni aibu yetu na naikubali.

Lakini je, mkono unaokwenda kwenye skrini ndio utakaofunga kifungo? Waingereza walilipima hilo kwenye utafiti wa RATULS, uliochapishwa 2019, wagonjwa 770. Kundi moja lilipata roboti, dakika 45, mara 3 kwa wiki, kwa wiki 12. Kundi la pili lilipata muda ule ule na mtaalamu, wakifanya vitendo wanavyovitaka wenyewe: kula, kuvaa, kushika. La tatu lilibaki na huduma ya kawaida. Waliofikia lengo la matumizi ya mkono: roboti 44%, mtaalamu 50%, kawaida 42%. Tofauti hizo ni ndogo mno kusema kuna aliyeshinda. Roboti ilipunguza ulegevu wenyewe kidogo, lakini kazi za mkono haikuzibadilisha, na gharama yake haikulipa. Kabla ya hapo, 2010, Wamarekani waliwapima maveterani 127 wenye kiharusi cha zamani, nako roboti haikumzidi mtaalamu aliyewafanyisha mazoezi mazito kama yake.

Kwa hiyo wiki 3 nami naziona chache. Hata hao wa roboti walipewa wiki 12. Ningekuwa ndugu yenu ningesimama na mama, kwa sharti moja: fizio akiondoka, mazoezi yasiondoke naye.

Nijibu hili: mwekee mkono mezani, kiganja kining'inie ukingoni. Anaweza kukiinua hata kidogo? Na vidole?

MamaKheri
Mimi nimemuuguza mume wangu Mombasa, mwaka wa pili huu. Ya roboti siyajui. Najua kioo. Unakisimamisha katikati ya meza, mkono mgonjwa nyuma yake, mzima mbele. Anaukunja na kuufungua ule mzima akitazama kioo, anaona kama ni miwili. Nusu saa kila siku baada ya alasiri. Mwezi wa kwanza sikuona kitu, mwezi wa pili kidole gumba kikatikisika.

Na bega, mwanangu, bega! Mtu wa kusaidia alikuwa akimnyanyua kitandani kwa kumvuta mkono ule ule uliolegea. Bega likashuka kutoka kwenye tundu lake, maumivu yakamkosesha usingizi na mazoezi yakasimama wiki 6. Mwambieni kila anayeingia chumbani: asivutwe mkono.

Baba_Zuhura
Na ile ya kuufunga mkono mzima glovu ili mgonjwa afanye kazi? Kuna mtu amenisifia sana.

Fizio_Mwanza
Ni nzuri na imethibitika, utafiti wa EXCITE, 2006. Glovu inavaliwa karibu muda wote wa kuwa macho, wiki 2, na mazoezi makali kila siku. Lakini lazima kifundo cha mkono na vidole viwe vinafunguka vyenyewe kiasi. Asiyefungua vidole ukimfunga mkono mzima umemtesa bure. Ndiyo maana nimeuliza habari ya ukingo wa meza.

Binti_Makorora
Nimefanya leo asubuhi. Kifundo kimeinuka, kidogo sana, mara nne kisha kikachoka. Gumba na cha shahada vinafunguka nusu. Baba mwenyewe alikuwa hajui kama vinaweza.

Mchana nikamtandikia kitambaa mezani, kanga kuukuu. Mkono wa kulia nikaulaza juu yake ukishikilie kisiteleze, wa kushoto ukachora kwa chaki. Mstari ulienda upande, akafuta, akachora tena. Sikumhesabia, ila chaki imebaki nusu.

Nimempigia mjomba na kumsomea majibu yenu yote. Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza fizio analipwa kwa wiki au kwa mwezi.