Mtaro wa mita 60 unakunywa maji kiasi gani? (nyanya, Sabaki)

Mkulima wa Sabaki
Assalaam aleikum jamani. Mitaro ina urefu wa mita 60, mmoja hadi mwingine ni sentimita 75, udongo tifutifu wa kichanga, mteremko asilimia 0.5. Pete mbili za chuma (hukitwa ardhini na kujazwa maji kupima udongo unavyonywa) zilitoa milimita 90 kwa saa, kwa hiyo nusu saa ingetosha kupata milimita 45 ninazotaka. Maji hufika katikati dakika ya 16 na mwisho dakika ya 45, hapo nafunga. Mbona nyanya za mwisho zanyauka siku ya pili?

Fundi Mitaro
Waaleikum salaam. Zanyauka kwa sababu unafunga maji yakiwa ndiyo kwanza yamefika. Za mwanzo zimekunywa dakika 45, za mwisho sifuri.

Na hizo 90 ni za udongo uliofunikwa wote na maji. Mtaroni maji hugusa kama sentimita 30 tu kati ya 75, na hunyonywa ubavuni pia, jambo pete haioni. Pima mtaro wenyewe. Fungulia mitaro mitatu iliyopakana, upime wa kati. Ukiwa peke yake, maji hutorokea kwa majirani wakavu. Debe la lita 20 likijaa kwa sekunde 20 mdomoni mwa bomba, ni lita 1 kwa sekunde. Mwishoni chimba shimo, laza kipande cha paipu, kinga ndoo kila dakika 10 mpaka kipimo kisipande tena. Hapo toa kinachotoka kwenye kinachoingia.

Mkulima wa Sabaki
Inaingia 1, inatoka 0.5.

Fundi Mitaro
Basi nusu lita kwa sekunde, yaani lita 1,800 kwa saa juu ya mita 45 za mraba (60 × 0.75): milimita 40 kwa saa. Hiyo ni kasi ya udongo ukishashiba. Mwanzoni udongo mkavu hunywa zaidi. Nimetia muda wako wa katikati na wa mwisho kwenye kanuni ya Kostiakov (hukadiria udongo unavyokunywa kadiri muda unavyopita), nikaondoa maji yaliyosimama mtaroni (kama lita 280). Kila mita ya mtaro hunywa lita 16 × t^0.17 + 0.5t, t ikiwa dakika. Gawa kwa 0.75 upate milimita. Mwisho wahitaji dakika 17 zaidi kupata milimita 46, lakini mwanzo utakuwa umekunywa 84. Kata mtaro uwe mita 30: maji hufika dakika ya 16, ongeza 17, na mwanzo utakunywa 61 tu.

Bi Shamba
Kuongeza maji pia husaidia yafike upesi, ila kwa mteremko huo usipite lita 1.2 kwa sekunde, mtaro utachimbika.

Halafu namba hizo ni za leo tu. Mto Sabaki ukija na tope jekundu, utando huziba sakafu ya mtaro na maji hukimbia bila kuzama. Ukishapalilia, hunywa upya. Pima tena kila hali ikibadilika, na debe la mdomoni urudie katikati ya kazi, maana mto ukishuka pampu nayo hupunguza.